Kinyago cha Taa za Buluu

Jumatatu, 3 Machi
Mvua imeanza leo saa nane mchana, na kabla ya saa kumi nilishapokea pasi mbili, feni moja na redio iliyolowa. Ndiyo faida ya kuwa fundi wa vifaa vya umeme. Wenzangu wanalalamika paa linavuja, mimi nafungua duka mapema. Daftari hili nimelinunua liwe la kazi za msimu huu wa mvua, ila najijua, nitaishia kuandika mambo ya nyumbani.

Dada kapiga simu. Anakuja kesho, ana zawadi ya mtoto. Namfahamu dada yangu toka ananibeba mgongoni, na sijaona zawadi yake isiyo na mkia.

Jumanne, 4 Machi
Zawadi imefika. Ni kinyago cheupe cha plastiki chenye matundu ya macho, na ndani yake kuna taa ndogondogo za buluu. Unakivaa usoni dakika ishirini kila jioni, na eti chunusi zinakauka zenyewe. Juu ya boksi wameandika taa mia moja na hamsini, wiki nne, uso mpya. Pembeni kuna picha ya mwanamke ambaye naapa hajawahi kuota hata kipele cha mbu.

Nieleze kidogo ili nikisoma mwakani nijikumbushe. Mwanangu ni mmoja tu, ana miaka ishirini, na tunaishi wawili tangu mama yake alipotutangulia. Tulimwita Chiriku kwa sababu alianza kuongea kabla ya kutembea. Mwaka jana chunusi zilimjaa mashavu yote mawili na kuimba kote kukakatika. Amemaliza mafunzo ya mapokezi, na tarehe tano Mei anaanza mazoezi ya kazi hotelini, mezani kabisa, pale mgeni anapoingia. Wanataka picha yake kwa ajili ya kitambulisho. Kila nikimkumbusha anasema kesho. Ninaogopa hiyo tarehe tano itafika na yeye atasema kesho.

Basi nilikigeuzageuza kinyago mkononi, Dada akanishika kiwiko.

"Mdogo wangu, wewe ukiandaliwa chakula unakipima kwa mita ya umeme kwanza."

"Bei yake?"

Akaitaja. Kwa bei hiyo napata friji iliyotumika na chenji ya vitasa vya mlango.

"Huyu nampa bure," akasema. "Akipona, watu watamwona. Wenzangu wa kikundi cha ushonaji wote wanasubiri."

"Na wewe unapata nini?"

"Mimi napata baraka."

Baraka hiyo naijua, ina asilimia. Na huyu ndiye dada yule yule aliyejipaka mkorogo miaka ishirini iliyopita hadi uso ukamtoka mabaka mekundu, hajapona vizuri mpaka leo. Tangu wakati ule nimepiga marufuku krimu nyumbani kwangu. Mwaka jana Chiriku alileta tyubu moja, nikaitumbukiza chooni siku hiyo hiyo. Sasa aliyeunguzwa na krimu anauza taa.

Chiriku alimshukuru shangazi yake kwa sauti ndogo, akaingia nacho chumbani.

Jumatano, 5 Machi
Kakivaa. Kupitia pazia la chumba chake ukumbi wote uligeuka buluu, nikahisi naishi ndani ya friji. Nimeamua kuweka kumbukumbu, maana mimi siamini tangazo, naamini kipimo. Asubuhi wakati wa chai nimehesabu chunusi: shavu la kulia kumi na nne, la kushoto kumi na moja, kidevu sita.

Jumapili, 9 Machi
Kulia kumi na tano. Kushoto kumi na moja. Kidevu sijakiona vizuri, alikuwa amejishika. Nahesabu huku najifanya natafuta sukari.

Jumatano, 12 Machi
Mvua. Pasi nne. Chiriku ameanza kunywa chai chumbani kwake. Yupo kwenye simu na mtu, nahisi.

Jumamosi, 15 Machi
Aliaga kuwa anakwenda kwa rafiki yake, mvua inanyesha ya kumwaga. Alikaa saa tatu. Aliporudi mwavuli ulikuwa umepinduka, nguo zimelowa chapachapa, lakini mkoba aliubana kwapani mkavu kabisa. Binti anayeulinda mkoba namna ile ana barua ndani, na barua ina kijana nyuma yake. Nilimuuliza rafiki hajambo, akasema hajambo. Nikamuuliza anaitwa nani, akasema, "Baba, naomba nikabadilishe nguo."

Alhamisi, 20 Machi
Umeme ulikatika saa kumi na moja jioni ukarudi na kishindo. Mtaa mzima umeunguliwa vifaa. Kesho nitakuwa na kazi mpaka shingoni. Na kinyago cha Dada kimezimika, kilikuwa kwenye chaji. Chiriku amekileta mwenyewe mezani kwangu, akakiweka, akasema, "Kama hakitengenezeki si lazima, Baba." Nikamwambia hakuna kisichotengenezeka.

Jumamosi, 22 Machi
Leo nimekifungua. Nimefunga duka saa saba, nikateremsha shata la mlango nusu, nikakaa nacho peke yangu.

Kilichoungua ni kipande cha chaji tu, kazi ya dakika kumi. Lakini bisibisi ikishaingia, macho nayo huingia. Nimehesabu taa. Ni arobaini na nane! Nyingine zote zinazoonekana kwa nje ni vinundu vya plastiki, havina waya, havina kitu, vimewekwa kujaza macho ya mnunuzi. Nilicheka peke yangu kama mwehu. Nikataka kumpigia Dada pale pale, nikajizuia. Angesema arobaini na nane zinatosha, na mimi nisingekuwa na la kumjibu, kwa sababu kweli sijui zinatosha au hazitoshi.

Sasa naandika jambo ambalo sijawahi kumwambia mtu. Katika kazi yangu kuna wateja wanaorudi na kitu wakidai bado kina hitilafu, nami nimekipima sijaona kosa. Siwabishii. Nakiweka rafuni siku tatu, nakifuta vumbi, nawarudishia kilivyo. Wengi wao wanakiwasha mbele yangu wanasema, "Sasa hapo, fundi!" Sijatoza hela kwa hilo, lakini sijawaambia pia. Ndivyo ninavyojua ugonjwa upo kwenye redio au kichwani.

Nikaona hapa pia inafaa. Kwenye droo nina taa za mapambo za buluu, zile za kuning'iniza ukutani kwenye sherehe. Nimechomoa zote arobaini na nane nikachomelea hizo mahali pake, kisha nikaongeza rezista ili umeme ufike nusu. Kwa jicho huoni tofauti. Zikiwaka ni buluu ile ile. Kama mtoto atapona na taa za mapambo, basi kinyago ni utapeli, na nitakuwa na ushahidi wa kumwekea Dada mezani. Kama hatapona, nitarudisha taa za mwanzo. Niliona sina cha kupoteza.

Jumatatu, 24 Machi
Nimemrudishia. "Kimepona," nikasema. Akasema asante. Saa moja jioni pazia likawa buluu. Nimemuuliza, "Umevaa?" Akajibu kutoka ndani, "Nimevaa."

Jumatano, 26 Machi
Umevaa? Nimevaa.

Jumapili, 30 Machi
Nimeanua foronya mbili za Chiriku kwenye kamba, zote zina madoa meupe, kama mtu amenyunyizia dawa ya kung'arishia nguo. Zilikuwa za kijani nzuri, alishona mama yake. Yule muuza sabuni ya unga anayepita na mkokoteni alinipa pakiti ya ziada bure, nikajua tu hapa kuna jambo. Kesho nitamngoja.

Jumatatu, 31 Machi
Muuza sabuni amekana. Amesema nguo zangu nyingine mbona hazina madoa. Ana mdomo sana yule kijana.

Jumatano, 2 Aprili
Mvua mfululizo siku ya tatu. Umevaa? Nimevaa. Dada naye hupiga simu saa moja na nusu kila jioni kuuliza swali hilo hilo.

Jumatano, 9 Aprili
Roho imeniruka leo. Chiriku kapita kwenda bafuni bila mtandio nikaona ngozi ya mashavu inabanduka, nyekundu, kavu. Taa zangu! Nilijua moja kwa moja ni taa zangu. Alipotoka kwenda dukani niliingia chumbani kwake, nikachukua kinyago nikaenda nacho mezani kwangu kazini, nikakipima. Umeme nusu, joto hakuna. Bado sikuamini, nikakivaa mwenyewe.

Nilikuwa nimekaa hivyo kwenye kiti changu dakika kumi hivi, nikinusa kama ngozi inaungua, mteja mmoja akainama chini ya shata na blenda yake. Aliniangalia, akaniambia, "Samahani," akarudi kinyumenyume na blenda yake mvuani. Sijui hata alikuwa nani.

Uso wangu haukupata chochote. Sasa nini kinamchuna mtoto? Nilimuuliza jioni, akasema ni upepo. Upepo gani, na madirisha tunafunga toka mwezi wa tatu?

Jumapili, 13 Aprili
Kulia tisa. Kushoto sita. Kidevu mbili. Nimehesabu mara mbili, mara ya pili kupitia kioo cha kabati.

Jumatano, 16 Aprili
Kulia saba! Kushoto nne! Na kuchubuka kumeisha. Nimetembea dukani kutwa nikipiga mluzi. Taa za mapambo, jamani. Nusu ya umeme. Nilitamani niwe na mtu wa kumwambia, lakini huyo mtu angekuwa nani?

Alhamisi, 17 Aprili
Kapiga picha. Alikwenda mwenyewe studio bila kukumbushwa, akarudi na picha sita, akazipanga mezani akaniuliza ipi nzuri. Kisha akaanza kuongea. Ameongea kuanzia saa tisa mpaka chakula cha jioni: mpiga picha anavyokohoa kabla ya kubonyeza, sare ya hotelini ina vifungo kumi na viwili, mwenzake mmoja darasani alimwita mgeni "mheshimiwa mfalme" kwa woga. Nilikula wali umepoa bila kujali. Mwaka mzima sikuwa nimesikia sauti hiyo. Nikasema moyoni, sitamwambia lolote, akiamini kinyago kimemponya na aamini.

Jumatatu, 21 Aprili
Sikufikiria vizuri. Dada amekuja kamwona Chiriku akapiga kigelegele mlangoni mpaka majirani wakatoka. Kabla jua halijazama alikuwa ameuza vitatu. Kimoja kamuuzia Mwalimu, jirani yetu wa nyumba ya pili, mama anayefundisha shule ya msingi na anayevaa viatu vile vile toka nimfahamu. Ana binti wa miaka kumi na saba mwenye uvimbe wa chunusi taya zote mbili, zile za ndani, ngumu. Mwalimu aliniuliza kwenye uzio, "Fundi, wewe ni mtu wa kukagua. Kile kitu ni cha kweli?"

Nikasema, "Mtoto si umemwona?"

Hilo ndilo jibu nililompa. Si uongo, na ndiyo maana linanisumbua.

Alhamisi, 24 Aprili
Nimemwona binti wa Mwalimu kwenye duka la vyakula. Taya ya kushoto imevimba hadi sikioni. Muuza duka alimuuliza kama ni jino. Alitikisa kichwa, akaonyesha kwa kidole unga wa uji badala ya mkate, kwa kuwa hawezi kutafuna.

Nilirudi nikakaa. Redio ya mtu niliyokuwa naifunga nimeifunga kinyume.

Jumapili, 27 Aprili
Nitaandika yote.

Dada alikuja saa tisa alasiri na wenzake wawili wa ushonaji, na Mwalimu na binti yake, mtandio umefunika taya. Walijaa sebuleni. Dada alimwita Chiriku akamsimamisha dirishani.

"Geukia kwenye mwanga, mwanangu, wakuone. Haya, waambie. Kwa wiki ulikuwa unavaa mara ngapi?"

Chiriku aliangalia sakafu. Nikadhani ana haya.

Mwalimu ndiye aliyesema. "Niambie kweli, mwanangu. Tabibu alinipa siku ya kumpeleka huyu, Jumanne iliyopita, nikaiahirisha. Nilisema kama wewe umepona kwa taa na huyu atapona. Siku sita sasa, na jana hakulala kwa maumivu."

Yule binti alikuwa ananiangalia mimi. Sijui kwa nini mimi.

"Taa zilizomo kwenye kinyago si zake za asili," nikasema.

Wakanigeukia wote. Nikaeleza: arobaini na nane, vinundu vya plastiki, droo, taa za mapambo, rezista. Nilieleza kama ninavyomweleza mteja hitilafu, kwa mpangilio, na kadiri nilivyoendelea ndivyo nilivyojisikia mjinga. Mwanamke mmoja wa ushonaji akasema, "Kwa hiyo hizo za mapambo ndizo zilizomponya? Si ungetuuzia hizo?" Hakuna aliyecheka.

Dada alisimama. "Umeniharibia kifaa, ukanyamaza, ukaniacha niuze?"

"Nilitaka kukuonyesha kuwa—"

"Tangu lini?" Alikuwa ni Chiriku.

"Tangu tarehe ishirini na mbili ya mwezi wa tatu."

Akacheka. Hakikuwa kicheko cha kufurahi. Akaingia chumbani akatoka na tyubu nyeupe iliyokunjwa mpaka nusu, akaiweka juu ya meza mbele ya Mwalimu, si mbele yangu.

"Hii ndiyo iliyonitibu. Nilikwenda zahanati ile siku ya mvua kubwa. Kinyago nilikivaa siku kumi tu, kinaniwasha na kunitoa jasho. Sijakivaa tena."

Nikasema, "Lakini mwanga, kila jioni..."

"Nakiwasha nakigeuzia ukutani, Baba. Wewe kila siku umevaa, umevaa. Shangazi naye anapiga simu. Ningefanyaje?"

Siku thelathini na nne nimekuwa nikitibu ukuta chunusi. Foronya zilizopata madoa ni dawa hiyo, ina tabia ya kupausha nguo. Ngozi iliyochubuka ni dawa hiyo, tabibu alimwonya kuwa mwanzoni itakausha. Yote yalikuwa mbele ya macho yangu, na mimi nilikuwa nagombana na muuza sabuni.

"Mbona hukuniambia?" nikamuuliza.

"Nikuambie wewe? Ile ya kwanza uliitupa chooni bila kusoma hata jina lake. Ningekuambia ungesema ni mkorogo." Alimtazama shangazi yake, akainamisha kichwa. "Samahani, Shangazi."

Dada alijigusa shavu mahali penye mabaka, kisha akavaa viatu vyake. Mwalimu alikuwa ameshamshika binti yake mkono. Chiriku alimwambia, "Mpeleke kesho asubuhi, Mama. Usingoje," na Mwalimu akaitikia kwa kichwa akatoka bila kuniaga.

Tulibaki wawili. Nikadhani kumekwisha, nikasema nilikuwa nikiandika kila kitu, nina hesabu, anaweza kuona mwenyewe kuwa nilikuwa najali. Nilisema hivyo nikiamini kuwa inanisaidia.

"Hesabu ya nini?" akauliza.

Akanyoosha mkono. "Nipe."

Nikampa daftari hili.

Jumatatu, 28 Aprili
Nimelikuta asubuhi juu ya meza ya kazi. Ameandika pembeni kwa penseli, mwandiko wake wa shule, mdogo.

Penye kumi na nne na kumi na moja: "Nilijua unanihesabu. Ndiyo maana niliacha kunywa chai na wewe."

Penye barua na kijana: "Hakuna kijana. Niliulizwa na tabibu kama nina mtu wa kunisindikiza, nikasema sina."

Penye siku niliyopiga mluzi hakuandika neno. Amepiga mstari tu chini ya "taa za mapambo, jamani", mstari mzito, penseli imetoboa karatasi.

Nimesoma mara tatu. Sijafungua duka.

Jumatano, 30 Aprili
Nilikwenda zahanati, na nikiri kwamba nilikwenda kumhoji tabibu. Ni mwanamke, mdogo kwangu, ana sauti ya kuchoka. Nilimwekea kinyago juu ya meza nikamwambia aseme kama ni utapeli.

"Vifaa vya mwanga si uongo mtupu, Mzee," akasema. "Mwanga wa buluu unaweza kumsaidia mtu mwenye chunusi nyepesi, kidogo, akiutumia sawasawa kwa wiki nyingi. Lakini vifaa havilingani. Hiki hata nguvu ya mwanga wake hawakuandika. Dawa ya kupaka ndiyo tunayoanza nayo, ni rahisi na tunaijua zaidi. Na kwa mtu kama binti wa Mwalimu, taa ya nyumbani inamchelewesha tu. Juzi nimempa dawa za kumeza, na makovu mawili yatabaki."

"Kwa hiyo mtu anunue au asinunue?"

"Mwenye chunusi nyepesi, amejaribu dawa, ana pesa ya kuchezea, anunue kama anapenda. Mwingine aje kwanza hapa." Akakigeuza. "Na hiki, kama ungekiacha kilivyo na mtoto akakivaa, leo tungejua kitu juu yake. Sasa hatujui lolote."

Nilitaka aseme ni utapeli nirudi nyumbani nimeshinda. Nimerudi na jibu la katikati na makovu mawili ya mtoto wa jirani.

Nikapitia kwa Mwalimu. Sikukaribishwa ndani. Nilimwambia mlangoni kuwa ni mimi niliyemjibu vibaya pale kwenye uzio, na kwamba nilijua wakati najibu. Akasema, "Nilikuuliza wewe kwa sababu huwaamini watu. Nikajua wewe hutadanganywa." Akafunga mlango taratibu.

Ijumaa, 2 Mei
Dada amerudishia wote watatu fedha zao. Kaleta vinyago dukani kwenye gunia, kaviacha akaondoka. Mvua imepungua.

Jumatatu, 5 Mei
Amekwenda kazini. Sare ina vifungo kumi na viwili kweli. Kwenye shavu la kulia bado kuna vipele viwili vitatu, hakuvificha, kainua uso akatoka. Nilisimama mlangoni na nilikuwa na maneno tayari toka juzi. Alinisalimia, "Shikamoo, Baba," kwa adabu zote. Nikaitikia. Akaenda.

Ijumaa, 9 Mei
Anaongea na mwenzake kwenye simu mpaka anacheka. Nikiingia anapunguza sauti. Anapika, anafua, ananiwekea maji ya kuoga. Angenitukana ningejua pa kuanzia.

Jumatano, 14 Mei
Hakuna mvua siku ya nne.

Jana simu ya Chiriku ilikuwa haichaji. Nilimsikia akihangaika na waya chumbani, anaupinda huku na huku. Tundu la chaji limelegea, kazi ya robo saa, nimefanya mamia. Nikakaa dukani nikingoja ailete. Nilisafisha hata meza.

Leo saa sita nilivuka kwenda kununua risasi ya kuchomelea, nikapita mbele ya kibanda cha yule fundi wa simu wa ng'ambo ya barabara, kijana ninayesema kila siku hajui kushika bisibisi. Simu ya mwanangu ilikuwa mezani kwake, imefunguliwa, ile yenye kibandiko cha ndege nyuma. Yule kijana aliinuka akanisalimia kwa heshima, akasema, "Mzee, kaileta asubuhi akienda kazini. Nilimwambia baba yake ni bingwa wa hizi." Nikamwambia aendelee tu.

Jioni karudi nayo. Nilijitahidi nisiseme, nikasema.

"Ungeniletea mimi, mwanangu. Ni kazi ndogo."

Alikuwa anavua viatu. Hakukasirika, na hilo ndilo lililoniumiza.

"Najua, Baba. Lakini yule ananiambia anachofanya."

Akaenda jikoni kuwasha jiko, simu akaiacha mezani. Niliichukua. Ilikuwa inachaji vizuri. Skurubu moja ya chini haikukazwa sawa, nikaihisi kwa kidole, na bisibisi ndogo ya kuikazia ilikuwa mfukoni mwangu. Niliishika muda mrefu. Kisha nikamwita, nikamwambia, "Skurubu ya chini imelegea kidogo. Nikaze?"

Nilisikia mafuta kwenye kikaango.

"Acha kwanza," akasema. "Nitakuambia."

Nikairudisha mezani ilivyokuwa.